Kabla ya kununua ndoano zingine

Kila mara tukikaa na wanachama wanaovua, ombi ni lile lile: ndoano mpya, wavu mpya, mkopo mpya. Sisi tunasema hapana, si kwa sasa. Tuangalie kwanza ndani ya mtumbwi.

Hivi karibuni mwanachama mmoja wa Majengo alituletea kamba yake ya ndoano. «Hii imeisha, munipe ingine.» Ilikuwa furushi moja tu: ndoano kubwa za kambale zimeshikana na nyuzi, kutu na kipande cha gunia. Tulikaa naye karibu asubuhi nzima kuifungua. Kumbe zaidi ya nusu zilikuwa nzima. Vidole vyetu ndivyo vililipa.

Mtumbwi iko mdogo, tunajua. Unabeba watu wawili, makasia, taa, batri, mara nyingine maharage ya soko au mtoto anayerudi kwa nyanya yake. Ndoano ikitupwa chini, itapata mguu. Na mguu uliotobolewa na ndoano chafu haumalizwi na kitambaa: uoshwe kwa maji na sabuni, kisha mtu aende kituo cha afya kuuliza chanjo ya pepopunda.

Dawa yake haina bei. Chukua bidoni ya njano ya lita 20, kata kichwa, toboa matundu chini ili maji yatoke. Chana ukingo wa juu kwa kisu, mpasuo mmoja kwa kila ndoano. Kamba inazungushwa ndani, ndoano zinakaa ukingoni kwa zamu, ncha zikitazama ndani. Funika juu kwa kipande cha mpira wa gurudumu, kisha bidoni ifungwe kwenye mtumbwi. Kurudi nyumbani, zianikwe kivulini mpaka zikauke.

Kwa wanaovua sambaza usiku, adui ni batri ya taa. Maji yake ni asidi, na nailoni haivumilii asidi. Tone la leo halionekani. Wiki ijayo wavu unapasuka ukiwa umejaa, na mtu anasema sambaza walikuwa wengi kupita nguvu ya wavu. (Sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960.) Batri ikae ndani ya beseni lake la plastiki, mbali na wavu.

Jua nalo linakula nailoni, na panya hufuata harufu ya samaki. Wakulima, haya munayajua: hakuna anayetia maharage mabichi ndani ya gunia na kulala. Mbona wavu unaoshwa siku ya sikukuu tu?

Wengine wanasema vifaa vikiachwa ufukweni vinaibwa. Ni kweli. Ndiyo maana vinapandishwa hadi Majengo kwa chukudu, na njiani, juu ya mawe ya volkano, wavu unaoning'inia unachanika kabla haujagusa maji tena. Kwa maoni yetu, pesa ya kooperative ingefanya kazi zaidi kwa kibanda chenye kufuli na mlinzi wa usiku kando ya ziwa kuliko kwa nyavu tano mpya.

Katika mkutano ujao tutapendekeza hivi: anayeomba mkopo wa vifaa alete kwanza vile vya zamani, tuvifungue pamoja mbele ya kamati. Tunajua wengine watasema tunawabania. Walete hilo furushi, tuhesabu.