Hidrojeni ya unga? Tulia kwanza

Stima ikipotea hapa Manyatta, kinyozi anawasha jenereta, sisi tunavuta moshi. Ndio maana Kenya ilipozindua mkakati wa hidrojeni ya kijani 2023, nilifurahi. Lakini tutaiweka wapi? Ikiwa gesi, inataka mtungi wa presha kali. Kuna unga unaitwa lithiamu borohaidridi: karibu asilimia 18 ya uzito wake ni hidrojeni. Tamu, si ndio? Shida ni kwamba ili itoke vizuri, unapasha unga huo moto kupita nyuzi 400. Kuirudisha ndani ni ngumu hata zaidi. Wasee, nani ataweka tanuri kwa kinyozi? Wanaotuahidi hidrojeni tuwaulize itahifadhiwa aje, na kwa bei gani. Mpaka wajibu, mimi niko upande wa sola na betri.