UCHANGANUZI: Kosa la 403 lisikufanye ung'oe mlango

TUSEME wewe ni kijana wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi kisiwani Lamu. Umewatengenezea mafundi tovuti ya kuonyesha kazi zao. Unaipakia kwenye seva, unaifungua kwa simu, unakutana na 403: huruhusiwi kuingia. Mteja anasubiri. Utafanyaje?

Wengi wetu tunajua jibu la haraka: chmod 777, mambo yako fiti. Ukurasa unafunguka, pesa zinaingia kwa M-Pesa. Kumbe hapo ndipo shida inapoanza.

Nambari hizo si uganga. 4 ni kusoma, 2 kuandika, na kwa folda 1 ni kuingia. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye folda, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya kila mtumiaji mwingine wa seva. Kwa hivyo 777 inaruhusu akaunti au programu yoyote iliyo kwenye seva hiyo kuandika, kufuta na kupachika faili zake humo.

Nyumba za kale za Lamu zina daka, ambapo mgeni hungoja akaribishwe. Mgeni mmoja akikwama nje, mwenye nyumba hang'oi mlango.

Dawa ni hii. Soma logi ya seva kwanza. Ikisema ruhusa imekataliwa, kagua folda moja moja kuanzia juu, maana moja tu isiyoingilika huziba njia yote. Kisha angalia mwenye folda ni nani: huenda ulipakia kama root, ilhali kwenye Ubuntu seva hufanya kazi kama www-data. Kwa kawaida folda huwa 755, faili 644. Folda ya picha zinazopakiwa na wateja pekee ndiyo ikabidhiwe www-data.

Hili si suala la mafundi wa kompyuta tu. Januari 2012, tovuti zaidi ya 100 za serikali ya Kenya zilivurugwa na mdukuzi kwa usiku mmoja. Leo ni sisi vijana tunaoundia shule na vyama fomu za basari zinazopokea nakala za vitambulisho. Nakala hizo zisikae kabisa kwenye folda ya umma, kwa sababu hata kwa 644, mwenye anwani yake anaweza kuzisoma. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, faini inaweza kufika Sh5 milioni.

Tatizo kubwa ni haraka na bei. Mteja analipia ukurasa ufunguke, halipii ukaguzi. Basi ukiandika bei ya kazi yako, ukaguzi wa ruhusa uwe na mstari wake. Akiuliza ni wa nini, mwambie ni kufuli la mlango wake.