Vinyozi tisa wanaojinyoa

Novemba 2023 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walitia saini kanuni za maadili, za kwanza kuandikwa tangu mahakama hiyo ianzishwe mwaka 1789. Zinasomeka vizuri. Kilichokosekana ni mahali pa kupeleka malalamiko: hakuna kamati, hakuna utaratibu wa uchunguzi, hakuna adhabu. Jaji akishukiwa, anaamua mwenyewe kama amekosea na kama ajiondoe katika kesi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawa kila mmoja amekabidhiwa wembe wake.

Kanuni hizo hazikuzuka hivihivi. Mwaka huohuo shirika la habari la ProPublica lilifichua kwamba Jaji Clarence Thomas alitalii kwa miaka mingi kwa ndege na boti ya kifahari ya tajiri Harlan Crow bila kuzitaja safari hizo katika fomu zake za mali. Likaeleza pia kwamba mwaka 2008 Jaji Samuel Alito alipanda ndege ya bilionea Paul Singer kwenda kuvua samaki Alaska, na mwaka 2014 akashiriki kuamua kesi iliyoihusu kampuni ya Singer na deni la Argentina. Thomas alijitetea kuwa alishauriwa kwamba ukarimu wa marafiki hautajwi. Alito alisema hakujua Singer yumo katika kesi, na kwamba kiti alichokalia ndegeni kingebaki kitupu (utetezi ambao karani wa mahakama ya mwanzo asingethubutu kuutoa). Huenda wote wawili ni wakweli. Lakini nani atuthibitishie? Bila chombo cha kuchunguza, mkosaji anapona na asiye na kosa hana pa kusafishiwa jina.

Wanaopinga chombo kama hicho wanahofia kwamba wanasiasa watakigeuza kuwa fimbo ya kuwachapia majaji. Hofu hiyo ina msingi, ila haimaanishi tusiwe na chombo chochote. Majaji wa mahakama za chini za shirikisho wana sheria tangu 1980, na malalamiko dhidi yao husikilizwa na majaji wenzao. Julai 2024 Jaji Elena Kagan alipendekeza Jaji Mkuu ateue jopo la majaji wazoefu kufanya kazi hiyo. Hapo mwanasiasa anaingilia wapi? Njia iliyopo sasa, ya kushtakiwa bungeni, ndiyo ya kisiasa hasa, na imemfikia jaji mmoja tu wa mahakama hiyo: Samuel Chase, aliyeachiwa mwaka 1805.

Kenya ilishalipitia jaribio hili la kumchunguza jaji wa ngazi ya juu. Mwaka 2012 jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, Augustino Ramadhani, lilipendekeza Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza aondolewe kwa jinsi alivyomtendea mlinzi wa jengo la maduka. Alijiuzulu Oktoba. Machi iliyofuata, mahakama aliyoiacha ilikaa na kuamua shauri la uchaguzi wa rais.