Udhu Ukimtenguka Imamu

Tulipokuwa chuoni, mwalimu alitufundisha jambo ambalo wengi wetu tulilichukua kuwa ni la msikitini tu. Imamu akiwa katikati ya sala akajua udhu umemtenguka, hana budi kurudi nyuma, amvute mbele mmoja wa safu ya kwanza aikamilishe sala. Nyuma yake wamejipanga watu mia, wala hapana anayejua. Ajuaye ni yeye peke yake. Akitaka kuwaficha, atawaficha mpaka watoe salamu.

Nililikumbuka hilo juma lililopita katika hitima moja mtaani kwetu. Mheshimiwa alifika, akaketi mkekani kama sisi, nasi tukafurahi. Walakini muda wote macho yake yalikuwa kwenye simu. Mzee mmoja alipomweleza habari ya maji yaliyokatika, alijibu, "Naam, hongera sana." Je, msomaji, huyo alikuwapo au hakuwapo?

Mimi naona kuwapo kwa kiongozi huanzia nafsini mwake. Asiyejiona mwenyewe hamwoni aliye mbele yake. Na mfano wa hilo hauko mbali, uko kwa jirani zetu.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Majuma sita tu baadaye, tarehe 22 Januari 1962, Waziri Mkuu Julius Nyerere alijiuzulu, akamwachia kiti Rashidi Kawawa. Hakuna aliyempindua. Aliona kwamba TANU, chama kilicholeta uhuru, kinaachwa nyuma na serikali ambayo chenyewe ndicho kilichoizaa, na kwamba yeye yu ofisini ilhali watu wako vijijini. Akatoka kwenda kuzunguka nchi, kusema na watu na kukijenga chama upya, hata Desemba mwaka ule ule akarudi akiwa Rais wa Jamhuri. Wako wasemao kuwa manung'uniko ndani ya chama ndiyo yaliyomsukuma. Na yawe ndiyo! Kila chama kina manung'uniko. Wangapi huyasikia majuma sita baada ya kukikalia kiti?

Sisemi kwamba mtu akijijua mara moja amejijua daima, la hasha. Serikali ya Nyerere huyo huyo ilizivunja serikali za mitaa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na katika miaka hiyo hiyo wanavijiji wengi walihamishwa kwa nguvu. Kilio chao kingefikaje juu, na vyombo vya kukifikisha ndivyo vilivyovunjwa? Lakini mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, alikiri waziwazi kwamba kama angeanza tena, mambo mawili hayo, la serikali za mitaa na la ushirika, asingeyafanya. Mwaka uliofuata akauacha urais.

Najua nitajibiwa kuwa kukiri hakumrudishii mkulima nyumba aliyobomolewa. Ni kweli, hakumrudishii. Hata hivyo nchi iliyosikia mkubwa wake akisema "hapa nilikosa" imepata njia ya kutengeneza, na kwa kweli serikali za mitaa zilirudi. Aliyefichwa kosa atatengeneza nini?

Yule mzee wetu hakuomba hata kuungamiwa kosa. Alitaka mheshimiwa ainue macho tu. Hadi ninapoyaandika haya, maji hayajarudi.