Wimbo wa Kilio si Pambo la Risasi

Vijana wa Goma, Bukavu, Beni, Butembo na Bunia wanatengeneza filamu. Ni habari njema, na inafaa isemwe kwanza. Kwa kamera ya kuazima, mara nyingi kwa simu tu, wanapiga picha za majambazi, watekaji nyara, wauza dhahabu ya magendo na askari wanaowafukuza. Filamu hizo zinapita kutoka simu hadi simu, zinaonyeshwa katika vyumba vya video vya mitaani, na zinafika hata kwa familia zilizokimbia vita. Watu wanazipenda kwa sababu wanaona barabara wanazozijua na wanasikia Kiswahili chao.

Lakini mtu akifunga macho na kusikiliza tu, nchi hiyo inapotea. Kinachobaki ni ngoma kubwa za kompyuta, vinanda vya filamu za Marekani na ule mngurumo unaopanda kila mara kabla bunduki hazijalia. Kwa masikio peke yake, hakuna awezaye kujua kama anayekimbia yuko Masisi au Los Angeles. Hilo ni kosa, na wanaodhani ni jambo dogo la ufundi wanajidanganya. Katika filamu ya mapigano, muziki ndio unaomwambia mtazamaji amhurumie nani.

Chukua picha moja: mtu mwenye bunduki anaingia kijijini alfajiri. Picha hiyo peke yake haijasema kitu. Ukiiwekea midundo mizito inayopanda, mwenye bunduki anakuwa shujaa, na mtoto anayetazama anatamani kuwa yeye. Sasa toa midundo hiyo. Weka wimbo ambao mama mmoja alikuwa akiimba huku akitwanga muhogo, halafu ukate katikati ya neno. Bunduki ni ile ile, kijiji ni kile kile. Lakini sasa mtazamaji hamwangalii tena mwenye bunduki. Anamtafuta yule mama.

Waliokimbia vita wanalijua hili kuliko mwalimu yeyote wa sinema. Kijijini hatari haitangazwi kwa ngoma kubwa. Inajulikana pale mlio wa kinu unapokatika, pale watoto wanapoacha mchezo wao wa kuimba, pale korali iliyokuwa ikifanya mazoezi inaponyamaza bila amri ya mwalimu wake. Mtengenezaji wa filamu anayefunika kimya hicho kwa makelele ya kupakua mtandaoni ametupa silaha yake kali kuliko zote, kisha anashangaa kwa nini watu hawaogopi.

Wengine watasema filamu za mapigano ni mali ya wazungu na muziki wake lazima uwe wa kizungu. Hao waende Walikale. Wanyanga wana hadithi ya Mwindo, ambayo msimulizi Candi Rureke aliitoa mwaka 1956 mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck, ikachapishwa kitabuni mwaka 1969. Ndani yake kuna kila kitu ambacho filamu ya mapigano inakitafuta: baba ambaye ni mtemi na hataki mtoto wa kiume, jaribio la kumuua mtoto, kutoroka, vita, na mtoto anayemfuata baba yake hadi chini ya ardhi. Na hadithi hiyo haisemwi kwa maneno matupu. Msimulizi anasimulia, anaimba, anacheza, anatikisa kibuyu, na wasaidizi wake wanapiga mdundo kwa fimbo na kuitikia.

Tena nyimbo hizo si za kupumzisha wasikilizaji. Mwindo anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni ili afe. Anafanya nini? Anaimba. Ngoma inapanda mto ikielekea kwa shangazi yake Iyangura, naye yumo ndani anaimba. Wimbo huo ndio unaomwambia kila mtu kwamba yuko hai, anakwenda wapi na kwa nini. Uondoe, na hadithi inakufa pale pale mtoni. Hakuna mwandishi wa filamu wa Hollywood aliyebuni tukio bora la kutoroka kuliko hilo, na limezaliwa katika msitu wa Kivu. Na mwisho wake unafaa kukumbukwa pia: Mwindo anamkamata baba yake, lakini hamuui. Wanapatana na kugawana utawala.

Wageni nao wameshaonyesha njia mbili, mbaya na nzuri. Mwaka 1995 Marekani ilitoa filamu iliyoitwa Congo, ya watu wanaotafuta almasi upande wa milima ya Virunga. Sehemu ya msitu na volkano inayoonekana humo ilipigwa picha Costa Rica. Muziki uliandikwa na Jerry Goldsmith, na sauti ya Kiafrika inayosikika ndani yake ni ya Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini. Lebo M ni fundi mkubwa na hana lawama. Lakini filamu yenye jina la nchi hii haikuona haja ya sauti ya nchi hii. Ilitosha kwamba ni sauti ya Afrika. Anayefanya hivyo na sauti atafanya hivyo na watu pia, nao watakuwa kundi la kukimbia nyuma ya picha.

Njia nzuri ilionekana mwaka 2018 katika filamu ya Black Panther. Nchi ya Wakanda ni ya kubuni, lakini mtunzi wa muziki Ludwig Göransson, Mswidi, hakukaa studio na kubuni ngoma zake. Alikwenda Senegal akatembea na mwimbaji Baaba Maal. Huko alipata tama, ngoma inayosema, na mapigo yake yakawa yanalitaja jina la shujaa T'Challa kila anapotokea. Adui wake akapewa filimbi ya Wafula. Mtazamaji anajua nani anakuja kabla hajamwona. Mwaka 2019 muziki huo ulipata tuzo ya Oscar. Kama nchi ambayo haipo duniani ilistahili ngoma yenye ukoo, je, Rutshuru ambayo ipo inastahili makelele yasiyo na mwenyewe?

Na Congo yenyewe imeshajaribu. Mwaka 2010 Djo Tunda Wa Munga alitoa Viva Riva!, filamu ya majambazi wa Kinshasa wanaogombania mafuta ya gari ya wizi wakati mji umekauka mafuta. Watu wake wanasema Kilingala na Kifaransa, na balaa la Riva linanoga pale anapomwona Nora akicheza muziki katika klabu ya usiku. Anampenda akicheza, na kwa mapenzi hayo risasi zinaanza kumtafuta. Kinshasa iliingia filamuni na usiku wake na dansi lake. Mashariki bado inasubiri ya kwake.

Sababu zinazotolewa zinajulikana. Ya kwanza ni fedha: muziki wa mtandaoni ni bure, studio ni franga. Lakini bure hiyo si bure. Filamu ikiwekwa YouTube na muziki wa mwingine, mwenye muziki anaweza kuchukua mapato yote au kuifungia. Kijana amelala njaa akipiga picha, halafu senti zinakwenda kwa mtu asiyemjua. Wakati huo huo jirani yake anapiga likembe, na simu iliyorekodi picha inaweza kurekodi likembe pia, usiku mji ukitulia.

Sababu ya pili ni kwamba nyimbo za kwao zinapunguza kasi. Anayesema hivyo hajawahi kusikia ngoma za arusi zikishika moto, wala wanaume wakivuta mtumbwi mzito ufukweni kwa wimbo mmoja. Kasi ipo. Inayokosekana ni mazoea ya kuisikiliza.

Lakini kuna kosa la pili, baya kuliko la kwanza, na linawahusu hasa wale wanaojiona wamependa utamaduni. Ni kuchukua wimbo wa kilio wa watu halisi na kuuweka chini ya milio ya risasi ili tukio liwe zito. Mtu anafika mahali pa matanga na simu yake. Anarekodi akina mama wanaomlilia maiti wao, halafu anaondoka. Miezi michache baadaye sauti zao zinasikika ndani ya filamu, jina lao halipo, na maiti aliyekuwa akiliwa ni mwigizaji aliyepakwa rangi nyekundu.

Wimbo wa kilio una mtu wake. Unataja ukoo, unataja mlima, unataja aliyekufa. Familia iliyokimbia inaweza kuacha nyumba, mbuzi na shamba la maharage, ikabaki na nyimbo tu. Kuichukulia hizo bila kuuliza ni kuipora mara ya pili, hata kama mporaji amebeba kamera na ana nia njema.

Historia ya jambo hili si fupi. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, alirekodi wimbo wa Mbube mjini Johannesburg. Haki zake ziliuzwa kwa shilingi kumi tu. Wimbo huo ulizunguka dunia kwa jina lingine, ukaingia hata katika filamu ya The Lion King, huku Linda amekufa maskini mwaka 1962. Binti zake walipata malipo baada ya kesi iliyomalizwa kwa mapatano mwaka 2006. Miaka zaidi ya arobaini baada ya mwenye wimbo kuingia kaburini! Congo ina sheria ya haki za watunzi tangu mwaka 1986. Sheria hiyo haitamsaidia mama wa kambini ikiwa hata jina lake halikuandikwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo wanaotengeneza filamu wana mambo matatu ya kufanya, na hakuna hata moja linalohitaji msaada kutoka nje. Wimbo uchaguliwe kabla ya bunduki: hadithi inapoandikwa, ijulikane watu hawa wanaimba nini wakilima, wakioa, wakibembeleza mtoto, na wimbo huo urudi filamuni pale mambo yanapoharibika. Mwenye wimbo aulizwe, alipwe hata kidogo, na jina lake lionekane mwishoni kama la mwigizaji, isipokuwa kama yeye mwenyewe anaogopa na anataka lifichwe. Na kilio cha kweli kiachwe na wenye kilio. Filamu ikihitaji matanga, waitwe waimbaji, watunge wimbo wa mtu yule wa kubuni, waimbe wakijua ni mchezo.

Familia zilizokimbia nazo zina neno la kusema. Anayekuja na simu anaweza kuulizwa: sauti hii inakwenda wapi? Itawekwa juu ya picha gani? Asiyekuwa na jibu asirekodi. Na wazee wanaojua nyimbo za Walikale, Fizi, Djugu au Lubero wasingoje mgeni aje kuziandika. Wawafundishe vijana wale wale wanaokimbizana na bunduki za mbao mbele ya kamera. Hao ndio watakaoonyesha watoto wa kesho vita hivi vilikuwa vya namna gani, na nani alikuwa akiimba kabla havijafika.