Adui Hapigwi kwa Kubahatisha

Si ajabu mwananchi wa Sinza mwenye homa kutoka zahanati na cheti kilichoandikwa "malaria na taifodi", pamoja na mfuko wa dawa. Jambo hili halina budi kuangaliwa, kwani kila dawa inayotolewa bila sababu ni jasho la mfanyakazi linalopotea, na ni silaha inayotiwa ubutu.

Mwaka 2008 wataalamu walichunguza watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa takriban mtoto mmoja tu katika kila kumi alikuwa na malaria, na wenye taifodi hawakufika wanne katika kila mia. Wengi walikuwa na maambukizo ya virusi, ambayo dawa hizo haziyatibu.

Taifodi hii ya kwenye vyeti yatoka wapi? Mara nyingi yatoka katika kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Kipimo hicho hakitafuti kijidudu, bali hutafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza. Nayo huweza kubaki katika damu muda mrefu baada ya mtu kupona, au baada ya chanjo. Kuotesha damu katika maabara ndiko hushuhudia kijidudu chenyewe.

Tabibu, basi, ana wajibu wa kumsikiliza na kumkagua mgonjwa kwanza, ndipo achague kipimo. Na malaria isipoonekana, aitafute sababu nyingine. Wananchi nao waache kuipima huduma kwa wingi wa dawa. Maradhi ni adui wa taifa, na adui hapigwi kwa kubahatisha.