Goti Linauma, Dawa Iko Kiunoni



Kijana wa miaka 13 au 14 akilalamika kuwa goti linamuuma, nyumbani hujibiwa, "Unakua tu," au, "Unakwepa kuchota maji." Wengine hutumwa dukani kununua diklofenaki. Kwa maoni yangu, majibu haya yote yanamwonea mtoto. Maumivu yake ni ya kweli, na kidonge huyatuliza tu. Tena diklofenaki ikizoeleka huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Maumivu yanayosumbua sana vijana, hasa wasichana, hukaa mbele ya goti, kuzunguka pia yake. Huzidi akipanda ngazi, akichuchumaa, akikimbia au akikaa darasani muda mrefu. Mara nyingi misuli ya tumbo, kiuno na nyonga haina nguvu ya kutosha. Kijana akiruka na kutua, paja hugeukia ndani na pia ya goti hubanwa. Fremu ya mlango ikilegea, bawaba ndiyo inayolia.

Kwa hiyo tusimfungie ndani wala tusimlazimishe kukimbia. Apunguze mchezo unaomuumiza, kisha afanye mazoezi haya mara 3 kwa juma:

1. Alale chali, akunje magoti, nyayo zikiwa sakafuni. Ainue kiuno, ahesabu hadi 5, ashuke polepole. Mara 10.

2. Alale ubavu, ainue mguu wa juu ukiwa umenyooka. Mara 10 kila upande.

3. Alale kifudifudi, ajiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao. Aanze na sekunde 10, aongeze taratibu hadi 30.

4. Aketi kitini, asimame bila kujishika, aketi tena. Magoti yaelekee vidole vya miguu, yasiingie ndani. Mara 10.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si hatari. Yakizidi au yakidumu hadi kesho yake, apunguze. Nafuu huja baada ya majuma 6 hadi 12, si siku mbili. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudia vidonge.

Lakini msianze mazoezi, mleteni hospitali, ikiwa goti limevimba au lina joto, ana homa, anachechemea, anaamshwa na maumivu usiku, anakonda, au ameumia kwa kuanguka. Mwenye selimundu naye aonwe kwanza. Kumbukeni pia kwamba ugonjwa wa nyonga huweza kujitokeza kama maumivu ya goti.

Mazoezi haya hayana gharama. Yanahitaji mkeka, na mzazi wa kuhesabu. Baada ya rozari ya jioni, msikunje mkeka upesi. Fanyeni pamoja naye. Kijana anayeaminiwa na kusindikizwa hupona vizuri kuliko anayeitwa mvivu.